Ngumi Kwenye Kichwa cha Maiki

Siku tuliyomzika mama yangu, baba mdogo alishika maiki mbele ya mdomo wangu jinsi mtu anavyoshika kuku shingoni akimpeleka kuchinjwa. Hakunipa mkononi. Huwa hampi mtu yeyote. Yeye ni binamu ya marehemu baba yangu, na kwa miaka mingi amekuwa emsii wa matanga yote ya ukoo wetu, huku upande wa Kabras, na ana sheria moja tu: maiki haitoki mkononi mwake. Ukiitwa kusema, unasimama kando yake naye anakusogezea mdomoni kama anayemnywesha mtoto uji. Ukirefusha maneno anaiondoa, unabaki ukisemea hewani.

Sababu ya sheria hiyo kila mtu anaijua. Mtu wa kwetu akishapewa maiki mkononi matangani haachilii. Ataanza kwa kuomboleza, ataingia siasa, atamalizia na mpaka wa shamba ambao babu yake alisogezewa. Kwa hiyo baba mdogo anaikamata kwa ngumi, juu kabisa, pale penye wavu wa chuma, vidole vyote vimezunguka, ili hata ukiivuta usiweze kuipata. Watu walikuwa wakimsifu kwa hilo. Walisema matanga yake yanaisha mapema.

Aliita vikundi kama kawaida, wajomba, mashemeji, akina mama wa kanisa, majirani. Mimi aliniita karibu na mwisho.

“Msafiri wetu naye amefika,” akasema. “Leo tumembahatisha.”

Watu wakacheka. Sikujali sana. Ni kweli mimi sikai mahali. Nilimwambia ninataka kumwimbia mama wimbo wake mmoja, sio kuhutubia, akaitikia kwa kichwa na kunisogezea ile ngumi.

Wimbo wenyewe haukuwa na jina. Mama aliuimba akipalilia miwa, ameinama, kati ya mistari, kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayezungumza na miguu yake mwenyewe. Alikuwa akisema kwamba ukiimba kwa nguvu shambani unaishiwa pumzi kabla ya kufika mwisho wa mstari. Mimi nikiwa mdogo nilifuata nyuma nikikusanya magugu, na niliujua wimbo ule kwa pumzi zake zaidi ya maneno yake. Alivuta pumzi mahali pa ajabu, katikati ya neno, kwa sababu ya jembe. Ukiuimba kwa nguvu unakuwa wimbo mwingine. Kwa hiyo niliuimba chini, vile vile alivyouimba.

Sijafika mbali mtu wa nyuma akasema, “Hatusikii.” Mwingine akarudia. Baba mdogo akaitikisa maiki, akaipuliza, akaikamata tena pale pale, akanisogezea. Nikaendelea. “Hatusikii.” Basi akaiondoa mdomoni mwangu, akaipeleka kwake.

“Hasikiki huyu. Safari zimemmaliza sauti, akaiacha huko barabarani. Tuendelee, mheshimiwa ameingia.”

Hapo ndipo walipocheka vizuri. Walicheka kwenye matanga ya mama yangu, mama yangu akiwa hapo mbele kwenye sanduku, na mheshimiwa akapita kati ya viti akipeana mikono. Alihutubia mpaka wingu likaja. Alimwita mama “huyu mzee wetu”. Hakujua kama tunamzika mwanamume au mwanamke.

Sikulia. Nilikuwa nikitazama ule mkono.

*

Niliacha shule darasa la saba. Watu wa kwetu hupenda kusema ni karo, na karo ilikuwepo kama tatizo, lakini ukweli ni kwamba sikuweza kuketi. Nilitaka kujua saa ya ukutani inaendaje, na mwalimu alitaka nijue ni saa ngapi. Tangu hapo nimepalilia miwa, nimeuza dagaa wa omena sokoni Butere, nimewapikia wajenzi, nimefua mashuka katika nyumba ya wageni ambayo ilikuwa na redio sita zilizoharibika, na nne kati yake niliziacha zikiongea. Popote nilipofika nilifungua kitu. Bisibisi nilikuwa nayo kabla sijakuwa na simu.

Baada ya matanga sikukaa nyumbani hata wiki. Nilienda Malava kumtafuta fundi wa mitambo aliyekuwa ameleta spika na hema siku ile. Nilienda kugombana naye, kusema kweli. Nilimkuta uani kwake, mwanamume mkubwa, mpole, ameketi juu ya spika iliyolala akitafuna muwa. Nilimuuliza kwa nini alininyima sauti siku namzika mama.

Akatema makapi, akanitazama kwa huruma.

“Dada, mimi sikukunyima. Mzee wenu anashikanga maiki kichwani. Nikifungua kidogo tu, inalia. Sasa mimi kila nikiona ni yeye, nafungianga mapema, nabaki na kile kisauti kidogo. Yeye ana domo, anapiga kelele, anasikika. Lakini mtu wa kuongea polepole kama wewe, hapo umekwisha.”

Nilimuuliza kwa nini maiki ikishikwa kichwani inalia. Alisema hajui, ila anajua inalia. Jibu la namna hiyo mimi haliniachi nilale. Nilimwomba kazi, nikabeba waya zake na kukunja hema zake, na katika mapumziko nikafungua maiki moja iliyokufa.

Chini ya wavu kuna kifuniko kidogo, na nyuma yake kuna matundu. Nilidhani ni ya kupitisha hewa. Siyo. Sauti inayotoka nyuma inaingia mbele ikizunguka, na inaingia pia kwa yale matundu, na zikikutana ndani zinapingana, moja inaifuta nyingine. Ndiyo maana maiki nzuri humsikia anayeimba mbele yake na haiisikii spika iliyo nyuma yake. Yale matundu ndiyo yanayoipa adabu. Ukiyaziba kwa kiganja, maiki inageuka kuwa sikio la pande zote. Inaisikia spika, spika inarudia, inaisikia tena, inarudia tena kwa nguvu zaidi, mpaka inapiga lile yowe ambalo kila mtu analijua.

Nilikaa na ile maiki mkononi kwa muda mrefu. Ngumi yake ndiyo iliyomlazimisha fundi kufunga sauti. Sauti ikifungwa, wimbo wa mama haufiki hata viti vya mbele. Wimbo ulipokosa kufika, mdomo wake mwenyewe ukasema kosa ni langu, ni la safari zangu. Kabla ya siku hiyo nilikuwa na uchungu. Tangu siku hiyo nilikuwa na sababu, na sababu ni kitu kinachotunzika vizuri kuliko uchungu. Hakiozi.

Ukoo ulikuwa umekubaliana kwamba mama atajengewa kaburi kwa saruji na tutafanya ukumbusho. Niliwaambia nitakuja, na nitaimba. Kuhusu emsii hakuna aliyeuliza. Ilikuwa ni yeye tu, kama vile mvua ya alasiri.

*

Nilianza kusoma habari za maiki kwenye simu, na kuuliza kila mtu aliyewahi kushika moja. Zile za kawaida, ambazo zimejaa makanisani na matangani, zina koili ndani, na koili ni nzito. Inataka kusukumwa na sauti. Mhubiri anaisukuma vizuri sana. Lakini kuna nyingine, za kondensa, ambazo ndani zina utando mwembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu, umechajiwa umeme, na utando ule unatikiswa na pumzi tu. Hizo zinasikia sauti ndogo. Zinasikia ulimi ukiachana na meno. Nilijua mara moja kwamba wimbo wa mama ungeimbwa kwa hiyo.

Kisha nikasoma kwamba, kwa kuwa inasikia vizuri hivyo, ukiishika vibaya inakufanyia aibu kubwa zaidi. Hapo nilisoma mara mbili.

Nilienda Kakamega mjini kwenye duka linalouzia makanisa vinanda na magitaa. Mwenye duka ni mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na husema na wateja huku akiendelea kupanguza vumbi.

“Ya kanisa ama ya studio?”

“Ya matanga.”

Alicheka mpaka akaweka kitambaa chini. “Mama, ya matanga watu wananunuanga ile ya kugongea misumari. Kondensa utaipeleka wapi na lile vumbi?”

Nilimweleza kwamba ninataka kuimba chini, uwanjani, spika zikiwa karibu, na watu wa mwisho wasikie pumzi. Alifungua kabati. Akaleta nne, akaziunganisha moja moja kwenye mikisa ndogo, mashine ya kuchanganyia sauti, iliyo juu ya meza yake, na akanionyesha kitufe cha kuipandishia maiki umeme kupitia ule ule waya wake. Bila umeme huo kondensa ni kipande cha chuma. Akanivalisha hedfoni.

Ya kwanza ilikuwa nene kama chupa ya soda, imening'inizwa kwa mpira, na unaiimbia ubavuni wala si kichwani. Niliposikiliza karibu nivue hedfoni kwa mshtuko. Nilimsikia mchomeleaji ng'ambo ya barabara. Nilisikia chai ikimiminwa duka la jirani, na uzi wa miwani ya yule mama ukigusa shati lake. Ningeweza kukaa na hiyo maiki mchana kutwa nikisikiliza Kakamega. Lakini yeye alitikisa kichwa. Alisema hiyo ni ya chumbani, uwanjani itasikia spika, hema na ng'ombe, na itawaleta wote kwa pamoja. Ya pili ilikuwa nyembamba kama kalamu, ya kuwekewa kwaya kwa mbali. Niliiimbia karibu, kila neno lenye pumzi likapasuka.

Zilibaki mbili za kushikwa mkononi, zinafanana kama mapacha. Moja inasikia mbele kwa upana, kama umbo la moyo. Ukisogea kidogo bado imekushika. Ya pili inasikia mbele kwa wembamba, imekaza, na kila kilicho pembeni inakikataa.

“Chukua hii ya moyo,” mwenye duka aliniambia. “Inasamehe. Hii nyingine haina huruma. Ukigeuza kichwa umepotea. Na usiwahi kushika hapa juu.”

“Nikishika?”

“Italia mpaka mashemeji wahame.”

Niliimba kwa zote mbili, kwa sauti ya mama. Ile ya moyo ilikuwa tamu, na ilinitosha. Ukiniuliza kama mwimbaji, nitakwambia ilinitosha kabisa. Ile iliyokaza ilinitaka nisimame sawa, mdomo mahali pamoja, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Lakini ilinipa pumzi zote, hata ile ya katikati ya neno, na nyuma ya pumzi hakukuwa na kitu, kimya tu. Nilimuuliza yule mama kama ninaweza kuifunika kichwa kidogo kwa kiganja nione. Akaniruhusu, akifungua spika ndogo ya mezani. Mchomeleaji ng'ambo ya barabara aliacha kazi akatazama.

“Nifungie hiyo,” nilisema.

Alinitazama juu ya miwani. “Kuna mtu unamnunulia?”

“Najinunulia. Lakini kuna mtu ataishika.”

Hakuuliza zaidi. Nadhani katika biashara ile ameona waimbaji wengi. Aliniongezea vifuko vidogo vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya, akasema Kakamega kunanyesha na utando wa kondensa hauupendi unyevu, niilaze navyo ndani ya mkebe. Mpaka leo inalala hivyo.

*

Nilikuwa na mambo mawili ya kufanya, na yote mawili niliyafanya kwa bidii ambayo mwalimu wangu wa darasa la saba hakuwahi kuiona.

La kwanza lilikuwa kujifunza kusimama. Mtu aliyezoea kuzurura hata akiimba anazurura, anapepesuka huku na huku. Nilisimama nyuma ya jikoni kwa senje, yaani shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, nimefunga mwiko kwenye kigingi, nikiuimbia mwiko bila kusogea. Senje alipita na kuku wake akaniuliza kama mwiko umejibu. Nilimwambia bado.

La pili lilikuwa fundi. Mikisa yake ilikuwa na kitufe cha umeme wa maiki, lakini alikuwa amekibandika plasta juu, kwa sababu mtu fulani zamani alimwambia kikibonyezwa kitachoma kila kitu. Nilimsomea kutoka kwenye simu, nikamwonyesha, akabandua plasta kwa ukucha kama anayetoa kigaga cha kidonda. Tulibonyeza. Hakikuungua kitu. Nilimwonyesha pia kwamba maiki iliyokaza haitaki spika ya mwimbaji ikae nyuma yake moja kwa moja, inataka ikae mshazari, kwa sababu huko nyuma kabisa bado ina kijisikio kidogo. Alisogeza spika kwa mguu mpaka nikasema hapo.

Niliimba. Alifungua sauti, akafungua tena, na uso wake ukabadilika. Kisha nikaweka kiganja juu ya wavu. Kuku wote wa ua ule wakaruka ukuta.

Alizima.

“Unataka kumfanyia mzee wenu hivi?”

“Sitamfanyia kitu. Nitampa maiki.”

Alifikiria. Kumbuka kwamba kwa miaka yote baba mdogo alikuwa akimwambia mbele za watu, “Fundi, mashine yako imelala,” na watu wakimcheka yeye. Alichukua muwa wake, akaumenya taratibu kwa meno.

“Mimi siku hiyo,” alisema, “sitafungia.”

*

Ukumbusho ulikuwa asubuhi, kabla ya mvua. Kaburi lilikuwa limepigwa saruji, na juu yake akina mama wa kanisa walikuwa wameweka maua. Hema tatu, viti vya plastiki, miwa pande zote, na jikoni moshi wa kuni na sufuria za obusuma, ugali wetu. Maiki yangu ilikuwa kwenye stendi mbele, inang'aa. Nyingine hatukuleta hata moja.

Baba mdogo alikuja na koti lake la matanga. Alipoiona akatabasamu, akauliza imetoka wapi. Nilisema nimeileta mimi, kwa ajili ya mama.

“Kumbe safari zinaletanga kitu,” akasema kwa sauti ili wa mbele wasikie, na wakacheka kidogo, na mimi nikacheka nao.

Akaing'oa kwenye stendi. Ngumi ikapanda juu, mahali pake.

Nimesikia maiki nyingi zikilia. Ile ilikuwa kama bati linalopasuliwa. Bibi mmoja aliyekuwa mbele aliziba masikio kwa kitambaa cha kichwa. Ndama aliyefungwa pembeni alikata kamba. Baba mdogo aliiondoa usoni kwa mshtuko, akamgeukia fundi, akasema mashine imelala. Fundi akanyoosha mikono kuonyesha hana kosa. Basi baba mdogo akaipuliza, vile wanavyopuliza wote, na kondensa ikipulizwa inatoa mshindo kama gunia la mahindi limetupwa kutoka kwenye lori. Watoto wakafurahi sana.

Alibadilisha mkono. Hili ndilo nilikuwa nimelisubiri, na nilikuwa nimelijua kabla yake: mtu aliyezoea kukamata, kitu kikimponyoka, hukamata zaidi. Alikaza. Ikalia juu zaidi. Akakaza kwa mikono miwili.

Alijaribu kuendelea. Aliwaita wajomba. Mjomba mkubwa akaja, akasogezewa ngumi mdomoni, akasema “Mimi”, ikapiga yowe, akarudi kuketi. Aliwaita mashemeji, wakatazamana, hakuna aliyesimama. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka shingoni. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, mikono imelala mapajani, na nilikuwa na neno moja tu la kusema ili yote yaishe. Shika chini. Hata mtoto angeelewa. Nililiweka chini ya ulimi na kulinyamazia.

Senje ndiye aliyesimama. Yeye ni mkubwa kwake, na anaweza kumwambia chochote.

“Ndugu yangu, weka hicho kitu chini,” alisema. “Kinakukataa.”

Wakacheka. Nilikitambua kicheko kile. Kilikuwa kile kile, hema zile zile, meno yale yale. Nilikiacha kinizunguke.

Akairudisha kwenye stendi na kuanza kuita kwa mdomo mtupu. Na hapo nikagundua jambo ambalo sikulipanga. Mtu ambaye amekaa nyuma ya maiki miaka yote hiyo hana sauti yake mwenyewe. Ilitoka kavu, ikafika viti vya tatu ikakaa chini. Na kutoka nyuma kabisa, chini ya hema la mwisho, mtu akasema, bila hila yoyote, kwa sababu ni kweli:

“Hatusikii.”

Nilifumba macho. Sina aibu kusema nililionja neno lile.

Nilisimama, nikaenda mbele. Alinitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini, kati yetu wawili, “Hii kitu yako ina nini?”

“Haina kitu, baba mdogo. Niruhusu niimbie mama.”

Akasogea. Niliweka mikono yangu nyuma ya mgongo, kusudi, ili kila mtu aione iko nyuma. Mdomo wangu ulikuwa mahali pale pale palipokuwa mwiko. Nikaanza chini, chini kama mama alivyoanza, na fundi akafungua.

Ilienda. Nilisikia ikienda. Ilipita hema la kwanza na la pili, ikafika jikoni, na wale waliokuwa wakisonga obusuma wakaacha miiko imesimama kwenye sufuria. Ile pumzi ya katikati ya neno ilipofika, pumzi ya jembe, senje alishika kifua. Wazee kadhaa waliinamisha vichwa, maana waliwahi kupita kando ya shamba lile mama akiwa ameinama, na sasa walimsikia tena. Sikuongeza sauti hata kidogo. Niliimba mpaka mwisho wa mstari, mahali ambapo mama alikuwa akinyoosha mgongo na kucheka peke yake, na hapo nikanyamaza.

Hakuna aliyesema hatusikii.

Baba mdogo alikuwa amesimama kando yangu muda wote. Hakujua mikono aiweke wapi. Aliitia mfukoni, akaitoa, akaishikanisha mbele, akaitia tena mfukoni. Sijawahi kuona mikono iliyokosa kazi namna ile. Nilipokuwa nikiimba nilimwona kwa pembe ya jicho, na wimbo haukuharibika kwa hilo. Ulinoga.

*

Wakati wa kula alikuja na sahani yake akaketi karibu nami. Aliniambia wimbo ulitoka vizuri. Kisha, akitafuta nyama ya kuku kwenye mchuzi, akauliza maiki hiyo inanunuliwa wapi. Nilimwelekeza vizuri sana, duka, barabara, hata miwani yenye uzi. Nilimwambia atake ile iliyokaza, si ile ya moyo. Hakuniuliza inashikwaje. Katika umri wake na kazi yake hawezi kumuuliza mtu, hasa mimi, maiki inashikwaje. Na mimi sikumwambia.

Aliinunua. Yule mama wa duka aliniambia baadaye kwamba alianza kumweleza habari za kushika, akamkatiza na kumwambia amfungie upesi, ana matanga.

Sasa inalia matanga yote, kutoka Malava mpaka huko ndani. Anasema inataka kuzoewa. Anasema ni spika za siku hizi. Fundi, ambaye ana moyo mzuri kuliko wangu, alijaribu kumfundisha siku moja, akajibiwa, “Wewe ulikuwa hujui kuunganisha waya mimi nikishika maiki.” Fundi akarudi kwenye muwa wake. Baadhi ya wafiwa wameanza kuomba stendi, na emsii akae kando, na hilo linamuuma kuliko yowe lenyewe.

Senje aliniuliza juzi kama sitamwambia siku moja, maana ni mtu wangu wa damu. Nilimwambia mama pia alikuwa wa damu. Akaendelea kuchambua mboga.

Nikipita upande ule na kusikia kuna shughuli, huwa ninaenda. Ninapeana mikono na wafiwa, ninakaa nyuma, hema la mwisho, na sahani yangu ya obusuma. Ninamtazama akiinua mkono. Ninasubiri yowe la kwanza, na likishalia, ninanawa mikono na kuanza kula.